Uume Uliopinda kwa Kovu: Namna ya Kutumia Kifaa cha Kuvuta na Pampu kwa Usalama

Mwanamume wa makamo anayegundua kwamba uume wake umeanza kupinda hupoteza muda mrefu kabla ya kumwambia mtu. Kwanza huvumilia maumivu akitumaini yatapita yenyewe. Kisha, usiku, hushika simu na kutafuta, na huko hukutana na matangazo ya pampu na vifaa vya kurefusha. Wako wanaoagiza na kuanza kujitibu chumbani, bila kipimo, bila mwongozo, bila mtu wa kuwauliza.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Kifaa cha kuvuta na pampu ni tiba za kweli. Zimejaribiwa na madaktari na zimewasaidia watu. Lakini msaada wake hutokana na nguvu ndogo inayorudiwa kila siku kwa miezi. Anayeongeza nguvu ili apunguze siku huishia kujijeruhi, na jeraha jipya huleta kovu jipya.

Kovu linafanya nini

Ndani ya uume kuna mirija miwili inayojaa damu wakati wa kusimama. Mirija hiyo imezungukwa na ala ngumu inayotanuka kwa kiasi, na ala hiyo ndiyo inayoufanya uume uwe imara. Katika ugonjwa wa Peyronie, sehemu moja ya ala hupata kovu ambalo halitanuki. Umewahi kuona tyubu ya baiskeli yenye kiraka ikijazwa upepo nje ya tairi? Huvimba kote isipokuwa penye kiraka, ikajipinda kuelekea upande huo. Uume nao hupinda kuelekea lilipo kovu, na aghalabu kovu hukaa upande wa juu, ndiyo maana wengi hupinda kwenda juu. Wengine hupinda pembeni au chini, na wengine hubonyea katikati kama kiuno.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1743 François Gigot de La Peyronie, daktari mpasuaji wa Mfalme Louis XV wa Ufaransa, aliandika habari za wanaume wenye tatizo hili, akawashauri wakaoge maji ya chemchemi za Barèges. Jina lake ndilo lililobaki. Chanzo kinachoaminika zaidi ni majeraha madogo yanayotokea uume unapokunjika katika tendo la ndoa, mara nyingi bila mwenyewe kutambua, kwa mtu ambaye mwili wake una tabia ya kuponya vidonda kwa kovu nene. Baadhi yao huwa na kamba ngumu viganjani zinazokunja vidole. Jitazame mikono yako, na ukiziona mwambie daktari. Kisukari nacho huonekana mara nyingi kwa wagonjwa hawa.

Na liwe wazi: hili si kansa, si ugonjwa wa zinaa, haliambukizi, na hakuna aliyekuloga.

Kuhusu kuvuta, mantiki yake ni hii. Seli za kovu zinapovutwa kwa upole kwa muda mrefu, hubadili namna zinavyotengeneza na kuvunja nyuzi za kovu, na nyuzi zenyewe huanza kujipanga upya kufuata mvuto. Mifupa imetibiwa kwa kanuni hiyohiyo. Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan huko Siberia, alirefusha mifupa kwa kuivuta milimita moja tu kwa siku, tena kwa hatua ndogondogo. Mwili hujenga ukivutwa polepole. Ukivutwa kwa pupa huchanika.

Kabla ya kununua chochote

Nenda kwanza kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Katika hospitali kubwa za rufaa wapo: Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi yenye taasisi yake ya mfumo wa mkojo, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, na nyinginezo. Ukifika, sema moja kwa moja: "Daktari, uume wangu ukisimama unapinda, na nahisi kitu kigumu ndani." Sentensi hiyo inatosha kufungua mazungumzo, yeye amewaona wengi kabla yako.

Daktari atapapasa kovu, na pengine atafanya altrasaundi. Ana maswali manne ya kujibu.

Kwanza, je, ni Peyronie kweli? Mtu ambaye uume wake umepinda tangu ujana, bila kovu na bila maumivu, ana maumbile tofauti, na mashauri ya makala hii hayamhusu. Aidha kidonda au uvimbe ulio juu ya ngozi ni jambo jingine linalotaka uchunguzi wa haraka.

Pili, uko katika kipindi gani? Ugonjwa una vipindi viwili. Cha kwanza kina maumivu, na pembe hubadilika mwezi hadi mwezi. Huchukua miezi 6 hadi 18. Cha pili ni cha utulivu: maumivu yamekwisha na pembe haijabadilika kwa miezi 3 au zaidi. Kuvuta kunaweza kuanza katika kipindi chochote, lakini upasuaji husubiri utulivu.

Tatu, kusimama kwenyewe kukoje? Wengi wenye kovu hili husimama kwa udhaifu, na udhaifu huo unaweza kuwa dalili ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Pima sukari na presha siku hiyohiyo.

Nne, je, kuna sababu ya kukuzuia kutumia kifaa? Mwambie daktari bila kuficha kama:

- unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa mfano wafarini;
- una ugonjwa wa damu kutoganda vizuri;
- una selimundu, au umewahi kusimama kwa saa nyingi bila uume kulala;
- una ganzi sehemu za siri, kwa kisukari au kwa ugonjwa wa uti wa mgongo;
- una kidonda, fangasi au maambukizi kwenye ngozi ya uume;
- umefanyiwa upasuaji wa uume au wa tezi dume hivi karibuni.

Suala la ganzi lisipuuzwe. Usalama wa vifaa hivi hutegemea wewe kusikia maumivu na kuacha. Asiyesikia hana wa kumwonya.

Usisubiri ukidhani kovu litayeyuka lenyewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume ambao hawakutibiwa kwa zaidi ya mwaka. Maumivu yaliisha kwa karibu asilimia 90 yao. Pembe, hata hivyo, ilipungua kwa asilimia 12 tu ya wanaume hao. Kwa asilimia 40 haikubadilika, na kwa asilimia 48 iliongezeka.

Pima, uandike

Tiba inayochukua miezi haipimwi kwa macho wala kwa hisia. Tafuta daftari dogo, na mara moja kwa mwezi andika mambo matatu.

*Pembe.* Uume ukiwa umesimama vizuri, piga picha mbili kwa simu, moja kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni, kila mwezi kwa umbali uleule. Kabla ya kupiga, zima mpangilio unaopeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na uzifunge kwa namba ya siri. Sasa chukua kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu wa mwanafunzi na ukiweke juu ya kioo cha simu. Kitovu chake kikae pale uume unapoanzia kupinda, na mstari wa sifuri ufuate nusu ya nyuma iliyonyooka. Nusu ya mbele itakuonyesha imeacha mstari huo kwa nyuzi ngapi. Uume ulionyooka ni nyuzi 0; uliokunjika kama kona ya daftari ni nyuzi 90.

*Urefu.* Uume ukiwa umelala, shika kichwa chake na uuvute mbele taratibu mpaka usivutike zaidi. Gandamiza mwisho wa rula kwenye mfupa wa kinena, kwa juu, kisha usome mpaka ncha ya kichwa. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu kovu hupunguza urefu, na kuvuta mara nyingi hurudisha sehemu yake.

*Maumivu na tendo la ndoa.* Andika kama kuna maumivu, na kama tendo linawezekana. Mtu mwenye nyuzi 35 asiyepata shida yoyote na mkewe yuko vizuri kuliko mwenye nyuzi 25 anayeumia.

Kifaa cha kuvuta

Ukilazimika kuchagua kimoja kati ya viwili, anza na hiki, kwa kuwa ushahidi wake ni mkubwa zaidi. Vipo vya aina mbili.

Aina ya zamani, mfano wake Andropenis, ina pete inayokaa shinani, fimbo mbili za chuma pembeni, na mkanda laini unaoshika nyuma ya kichwa cha uume. Hii huvaliwa saa nyingi. Katika jaribio dogo la Chicago lililochapishwa mwaka 2008, wanaume walivaa kifaa saa 2 hadi 8 kwa siku kwa miezi 6, na wastani wa pembe ukashuka kutoka nyuzi 51 hadi 34. Nchini Hispania wagonjwa waliokuwa bado katika kipindi cha maumivu walitoka wastani wa nyuzi 33 hadi 15. Lakini huko Italia, mwaka 2009, waliotibiwa wakiwa wameshatulia walishuka kutoka 31 hadi 27 tu. Tofauti hizo zinafundisha mambo mawili: matokeo si sawa kwa wote, na anayeanza mapema ana nafasi nzuri zaidi.

Aina mpya, RestoreX, ilibuniwa na kujaribiwa na madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani. Huvuta kwa nguvu inayopimika, na pia huupinda uume kuelekea upande ulio kinyume na kovu. Katika jaribio la mwaka 2019 lenye wanaume 110, kilitumika dakika 30, mara moja hadi tatu kwa siku, kwa miezi 3. Pembe ilipungua kwa wastani wa nyuzi karibu 12, na urefu uliongezeka sentimita 1.5, huku waliokaa bila kifaa wakiwa hawana mabadiliko ya maana. Kwa mtu mwenye kazi na familia, nusu saa inawezekana. Saa 6 huwashinda wengi.

Utaratibu wa kila siku ni huu:

1. Oga au nawa kwa maji ya uvuguvugu, kisha ukauke kabisa. Unyevu chini ya mkanda huchubua ngozi. Kama hukutahiriwa, hakikisha govi limerudi mahali pake ukimaliza.

2. Subiri uume ulale. Kifaa hakivaliwi uume ukiwa umesimama. Ukisimama ukiwa umekivaa, legeza na uvue.

3. Zungushia kitambaa laini au bandeji nyembamba mahali mkanda utakapokaa. Kaza kiasi cha kuzuia usichomoke, basi.

4. Weka mvuto mdogo kuliko wote. Unapaswa kuhisi kuvutika, kama unavyohisi nyuma ya paja ukijinyoosha asubuhi. Ukihisi kuuma, umepita kiasi.

5. Wiki ya kwanza usizidishe nusu saa, hata kama kifaa chako ni cha kuvaliwa saa nyingi. Ngozi inahitaji kuzoea. Ongeza muda kwanza. Mvuto uongeze baadaye, kidogo kidogo, kwa kufuata mwongozo wa kifaa na maelekezo ya daktari.

6. Kwa kifaa cha saa nyingi, vua kila baada ya saa moja au mbili, upumzike dakika kumi. Tazama kichwa cha uume: rangi iwe ya kawaida, kiwe na joto, na ukikigusa usikie. Kikiwa cha baridi, kina ganzi au kimebadilika kuwa cha buluu, tiba ya siku hiyo imekwisha.

7. Usilale usingizi na kifaa. Aliyelala hasikii ganzi ikianza.

8. Osha sehemu zinazogusa mwili kwa sabuni na maji, zianikwe kivulini zikauke.

Tafuta saa moja isiyobadilika. Wengi hufanikiwa wanapoifunga tiba kwenye jambo wanalolifanya kila siku: baada ya swala ya alfajiri, au wakati wa taarifa ya habari ya jioni. Ukikosa siku moja, endelea kesho kwa kipimo kilekile. Usilipize kwa kuvaa mara mbili.

Pampu

Pampu ni silinda ya plastiki inayofunika uume na kunyonya hewa, kisha ombwe lililobaki ndani huvuta damu ijaze mirija. Geddings Osbon, Mmarekani wa jimbo la Georgia, ndiye aliyeifanya ijulikane, na mwaka 1982 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliruhusu pampu yake kwa wanaume wasiosimama. Kwa kovu la Peyronie hutumika kwa namna tofauti: lengo ni kuitanua ala kutokea ndani, mara kwa mara, bila kushiriki tendo.

Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika London na kuchapishwa mwaka 2010. Wanaume 31 walitumia pampu dakika 10, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Kati yao 21 walipungukiwa na pembe kwa nyuzi 5 hadi 25. 7 hawakubadilika, na 3 walizidi kupinda. Karibu nusu ya wote waliridhika wakaachana na wazo la upasuaji. Lilikuwa jaribio dogo lisilo na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usilisome kama ahadi. Pampu inafaa hasa kwa mwenye kovu ambaye pia anasimama kwa shida, au aliyetolewa tezi dume, kwa sababu humpelekea damu mpya kwenye uume.

Ya kuangalia wakati wa kununua ni mambo mawili. La kwanza ni vali ya usalama inayozuia ombwe lisizidi kiwango, pamoja na kitufe cha kuachia hewa papo hapo. Kipimo cha mgandamizo ni nyongeza nzuri. Pampu za bei chee zinazouzwa kama vitu vya starehe mara nyingi hazina vali, na ombwe kali linaweza kupasua mishipa midogo na kuleta kovu lilelile unalolikimbia. La pili ni upana wa silinda. Uume uliopinda usigonge wala kusugua ukuta wa ndani. Kama unagonga, silinda ni nyembamba kwako.

Fanya hivi:

1. Nyoa au punguza nywele za shinani, kwa kuwa hewa hupenya penye nywele.

2. Paka jeli ya maji kwenye shina na kwenye mdomo wa silinda. Usitumie mafuta ya mgando. Huharibu mpira na ni magumu kuosha.

3. Simama au keti ukingoni mwa kitanda. Ingiza uume, gandamiza silinda kwenye mwili kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine vuta ngozi ya mfuko wa korodani nyuma isije ikanyonywa ndani. Hili huwapata karibu wote siku za mwanzo, na linauma.

4. Pampu mara mbili au tatu, kisha ngoja. Tazama uume unavyojaa. Pampu tena mara moja, ngoja tena. Kujaa huku kuchukue dakika moja au mbili.

5. Acha kupampu pale uume unapokuwa umejaa bila maumivu. Hakuna faida ya kuvuka hapo. Ukisikia kuchoma mahali palipo na kovu, achia hewa kidogo.

6. Muda wote usizidi dakika 10. Katikati, achia hewa, uache damu irudi kwa nusu dakika, kisha ujaze tena.

7. Mwisho, bonyeza kitufe cha kuachia hewa kabla ya kutoa silinda. Usiichomoe kwa nguvu ikiwa bado imenyonya.

8. Usivae pete ya kubana shinani wakati wa tiba hii. Pete ni ya wanaohitaji pampu kwa ajili ya tendo la ndoa, na hata hapo haivaliwi zaidi ya dakika 30.

Vidoti vyekundu vidogo kwenye ngozi, au uvimbe mlaini unaotoweka baada ya saa chache, si jambo la hatari. Pumzika siku moja au mbili, kisha urudi na mgandamizo mdogo zaidi. Wekundu unaoenea au alama nyeusi ni ishara kwamba umetumia nguvu kupita kiasi.

Daktari akikuruhusu kutumia vyote viwili, usianze navyo siku moja. Tumia kimoja kwa wiki mbili, ngozi izoee, ndipo uongeze cha pili kwa wakati tofauti wa siku. Hapo, likitokea jeraha, utajua limetoka wapi.

Acha mara moja, nenda hospitali

Ukisikia mlio wa kupasuka, uume ukalala ghafla, kisha ukavimba na kuwa wa zambarau, ala imechanika. Hiyo ni dharura ya upasuaji siku hiyohiyo, usiku au mchana. Uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulala nao ni dharura. Nenda pia haraka ukiwa na malengelenge, kidonda, ganzi isiyoondoka baada ya kuvua kifaa, damu kwenye mkojo, au mkojo unaotoka kwa shida.

Yasiyosaidia

Vitamini E imetumiwa miaka mingi, na uchunguzi makini haukuona ikinyoosha chochote. Mawimbi ya mshtuko yanaweza kupunguza maumivu, lakini hayaondoi pembe. Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa kwenye mabasi na barazani hazigusi kovu, na nyingine huchanganywa kwa siri na dawa za hospitali ambazo ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti. Usijaribu pia kuukunja uume kwa mikono ukiwa umesimama ili "uuzoeshe". Ndivyo ala inavyochanika.

Kabla ya kulipia kifaa cha mtandaoni, mwonyeshe daktari picha na maelezo yake. Tanzania vifaa tiba husimamiwa na TMDA, na Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza kama kifaa kinatambulika. Muuzaji anayeahidi kunyoosha uume kwa siku 7 anakuuzia jeraha.

Nyumbani

Karibu nusu ya wagonjwa wa Peyronie huonyesha dalili za sonona. Wengi hujitenga na wake zao bila maelezo, na mke naye huanza kudhani ametafutiwa mwingine. Mzigo huu hupungua ukisemwa. Chagua wakati wa utulivu, nje ya kitanda, useme: "Mke wangu, nimepata kovu kwa ndani na daktari ameliona. Si ugonjwa wa zinaa, wala sijachoka nawe. Natakiwa kutumia kifaa kila siku kwa miezi michache, na nataka ujue ili usikione ukashtuka." Wake wengi, wakiambiwa hivyo, ndio hugeuka kuwa wakumbushaji wazuri wa saa ya tiba.

Tendo la ndoa halikatazwi, mradi lisiwaume nyinyi wawili. Tumieni jeli ya kutosha, nendeni taratibu, na epukeni mikao inayomwaga uzito wa mwili juu ya uume. Uume unaosimama nusunusu ndio unaokunjika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kama kusimama ni tatizo, litibiwe na daktari sambamba na kovu.

Miezi mitatu ikitimia

Rudi kwa daktari na daftari lako. Ukiwa umevaa kifaa kwa uaminifu, tarajia moja kati ya matokeo matatu.

Pembe imepungua: endelea mpaka mwezi wa sita, maana uboreshaji huweza kuendelea. Ikitulia, na tendo la ndoa likawezekana bila maumivu, hiyo ndiyo tiba iliyofanikiwa, hata kama imebaki nyuzi 15 au 20. Kunyooka kabisa kwa kifaa peke yake ni nadra.

Pembe haijabadilika, lakini urefu umerudi kidogo au maumivu yameisha: si kazi bure. Mjadilieni kama mwezi wa nne hadi wa sita unafaa, au kama iongezwe tiba nyingine. Sindano ya kimeng'enya cha kolajenasi, iliyoruhusiwa Marekani Desemba 2013 kwa wenye pembe ya nyuzi 30 au zaidi, ilipunguza pembe kwa wastani wa asilimia 34 katika majaribio, na mara nyingi huambatanishwa na kuvuta.

Pembe imezidi, au tendo haliwezekani: acha kifaa, na mkishapata utulivu wa miezi isiyopungua mitatu, zungumzeni upasuaji. Upo wa kushona upande wa pili wa kovu ili ulingane, ambao ni rahisi zaidi ila hupunguza urefu kidogo. Upo wa kukata kovu na kuweka kiraka, kwa pembe kubwa. Na kwa asiyesimama hata kwa dawa, upo wa kuwekewa vyuma au mirija maalumu ndani, ambao hunyoosha na kusimamisha kwa pamoja. Hata huko kifaa chako kinaweza kurudi kazini: baada ya vidonda kupona, baadhi ya madaktari huagiza kuvuta ili kulinda urefu.

Siku ya miadi hiyo, usitoke chumbani kwa daktari kabla hajakujibu maswali matatu: pembe yangu ya leo ni ngapi ikilinganishwa na ya kwanza, niendelee kwa kipimo gani, na lini tuamue kwamba kifaa kimefika mwisho wa uwezo wake. Yaandike majibu kwenye daftari lilelile, chini ya vipimo vya mwezi huo.